Bi Usafi na Sauti Iliyonyamaza

Kila siku akitoka shule, Bi Usafi alibadilisha nguo, akafagia uwanja, kisha akapanga viatu mlangoni vyote vitazame upande mmoja. Hilo halikuwa jina lake halisi, ila nyumbani hakuna aliyemwita vingine. Yeye na uchafu hawakupikika chungu kimoja. Kaka yake akiweka kikombe mezani na kugeuka kidogo tu, kikombe kimeshaoshwa, na chai yenyewe hajaimaliza.

Baada ya hapo ilifuata kazi ya raha, kumwashia Babu kompyuta. Babu alikuwa dereva wa treni mstaafu, na macho yake yalikuwa yamechoka. Maandishi aliyaona kama sisimizi. Basi Bi Usafi alifungua kivinjari, ile programu ya kuingilia mtandaoni, akabonyeza alama ya spika, na sauti ya mwanamke ikamsomea Babu magazeti. Babu alimwita Mama Habari, na alibishana naye kana kwamba yumo chumbani. Habari zikiisha, Babu alirekodi humohumo visa vya safari zake za treni ili wajukuu waje kuvisikia.

Jumamosi moja, Babu akiwa amelala, Bi Usafi aliipangusa kompyuta vumbi. Akawaza, nje pamesafika, je, ndani? Akapekuapekua mpaka akakuta folda iliyojaa mafaili yenye majina ya ajabuajabu, herufi na tarakimu zimevurugana. Akajisemea kwamba hizo ni takataka tupu. Akayafuta yote, akalimwaga na pipa la taka la kompyuta, akaondoka akipiga mluzi.

Jioni alipobonyeza spika, kimya. Akabonyeza tena, kimya kilekile. Babu alitania kwamba leo Mama Habari amenuna, lakini uso ulimshuka. Bi Usafi alijifanya anakagua nyaya. Alijua kilichotokea, ila mdomo ukawa mzito.

Kesho yake akaitwa fundi wa kompyuta, dada mmoja mcheshi wa mtaani kwao. Alizima, akawasha, akajikuna kichwa. Akasema huenda ni kirusi, yaani programu haribifu iliyojipenyeza, na dawa yake ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Babu akauliza habari ya visa vyake vya treni. Fundi akajibu kwa huruma kwamba kuvihamisha kunaweza kuwa ni kukihamisha kirusi chenyewe.

"Basi futa, mwanangu," Babu alisema kwa sauti ndogo. "Nikijaliwa nitavisimulia tena."

Bi Usafi hakuweza kuvumilia. Machozi yalimtoka kabla ya maneno. "Babu, si kirusi. Ni mimi." Akaeleza yote, pamoja na kumwaga pipa.

Badala ya kukasirika, fundi aliruka kitini kwa furaha. Akaomba aonyeshwe folda. Waliikuta ipo, lakini ndani haina kitu. Akaeleza kwamba mafaili yale yalikuwa ya sehemu inayosoma kwa sauti, nayo huja pamoja na kivinjari. Kivinjari kinaweza kuileta tena chenyewe, ila kikiona folda ipo, kinadhani mzigo wake umo.

"Sasa maliza kazi yako," akamwambia akicheka. "Ifute na hiyo folda."

Bi Usafi akaifuta. Wakafunga kivinjari, wakakifungua, fundi akakiamuru kitafute kilichopungua. Wakasubiri. Bi Usafi akabonyeza spika, na Mama Habari akatangaza kwamba leo maji yatafungwa mjini.

"Kila siku mnafunga," Babu akamjibu papo hapo. "Mnafungua lini?" Wote wakaangua kicheko.

Kisha Babu akamvuta mjukuu wake karibu. "Kupenda usafi ni vizuri, endelea hivyohivyo. Ila kitu usichokijua, uliza kwanza kabla ya kukigusa. Na ukikosea, sema mapema. Ungenyamaza leo, safari zangu zote zingefutika, na fundi asingejua kwamba hakukuwa na haja."

Bi Usafi akafuta machozi, akaahidi. Mara macho yake yakatua chini ya kiti cha Babu. Akainama, akaokota ganda la chungwa, akalishika kwa vidole viwili.

"Babu, na hili je, nitupe?"

Babu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Hilo tupa tu, mjukuu wangu."