Matundu ya Ukuta wa Barabara ya Juu

Ndugu zangu, wengi wenu mmepita barabara ya juu, hata kama ni mara moja tu kwenda kutazama bonde. Asubuhi palikuwa patulivu pale. Waendesha baiskeli waliteremka bila kukanyaga pedali, walimu walisimama kidogo kabla ya kushuka shuleni, na maharusi walikuja kupigwa picha. Barabara hiyo ilichongwa kwa mikono ubavuni mwa mlima, bibi yangu akiwa hajazaliwa. Upande wa bondeni imeshikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, na ukutani mna matundu, moja kila baada ya hatua mbili. Tangu utotoni nilikuwa nakinga ndoo chini yake, na siku zote nilijiuliza: mtu aliyepanga mawe kwa ustadi namna hii, mbona alisahau kuziba matundu?

Kiwanja cha familia yetu kiko chini ya ukuta huo. Baba mdogo, aliyenilea baada ya baba yangu kufariki, alikuwa dereva wa lori. Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu, nyumba inayotazama bonde. Hapo sina la kumlaumu. Nani hapendi kuamka na kuona uzuri?

"Ukuta wa nyuma si huu hapa?" alimwambia fundi mawe, akiupiga makofi kama mtu anayesifia ng'ombe. "Tunajenga kuta tatu. Wa nne tumeshajengewa na wazee."

Fundi akajikuna kichwa. "Dereva, huu ni wa barabara. Halafu unatoa maji."

"Tutaziba."

"Tukiziba, maji yataenda wapi?"

"Yatajua yenyewe! Wewe ni fundi au wakili wa maji?"

Tulicheka wote, fundi naye akacheka, na kesho yake akaja na mwiko. Mchanga na saruji nilichanganya mimi. Matundu kumi na moja niliyajaza kwa mkono wangu, nikayalainisha mpaka yakapendeza. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Nyumba ikapanda. Paa likapita usawa wa barabara, na waliokuja kutazama bonde wakawa wanatazama mabati yetu. Siku moja mwalimu mkuu akasimama kule juu, akaita, "Jirani, umetufungia dirisha!"

"Njoo basi uangalie kwa ndani, chai ipo!" akajibu baba mdogo.

Chumba cha nyuma, kile kilichotumia ukuta wa barabara, alipewa bibi kwa sababu kina ubaridi mzuri. Mvua zilipoanza, bibi aliniita.

"Mjukuu wangu, maji yamehama. Tulipokuwa tunakinga ndoo yalikuwa yanapita hapa. Sasa nayasikia kule juu, yanahangaika."

"Mama, hayo ni masikio ya uzee," baba mdogo akasema.

Mimi nikataka kujua. Nilipanda barabarani nikakuta katikati pana unyevu hata jua likiwaka, na majani mabichi yamechipua kwenye nyufa. Nikaazima timazi ya fundi, ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, nikaining'iniza kwenye mti wa paa karibu na ukuta wa bibi. Kati ya kamba na ukuta viliingia vidole vinne. Baada ya wiki moja, vitatu. Wiki iliyofuata, viwili, tena kwa kubana.

"Baba, ukuta una tumbo," nikamwambia.

"Kaupa nani?" Wageni waliokuja kunywa chai wakaangua kicheko. "Mwoneni injinia wangu wa darasa la saba! Rudisha timazi ya watu, shika ufagio."

Sikubishana, sina mdomo huo. Ila nilijiuliza, hivyo vidole viwili vikiisha, nani amelala pale? Nikaanza kukivuta kitanda cha bibi kwenda sebuleni. Mama mdogo alinikuta, akatazama ile kamba, akashika upande wa miguuni.

"Kitanda sebuleni! Mnaniaibisha!" baba mdogo akafoka.

"Siku tatu tu, baba," nikadanganya.

Hazikufika tatu. Siku ya pili mchana, mvua ikiwa imeshakatika, tulikuwa tunakula tuliposikia mshindo kama lori linalomwaga kokoto. Baba mdogo akainuka kwa mazoea, akaenda mlangoni kuangalia nani kaleta mzigo. Mzigo ulikuwa chumbani. Mawe yalijaa pale pale kilipokuwa kitanda, na juu yake tuliona mawingu, na kipande cha barabara kikining'inia.

Hakufa mtu. Lakini barabara ilifungwa miezi saba. Watoto wa shule walizungukia bondeni kwenye matope, na mama mmoja mjamzito alibebwa kwa machela.

Kwenye mkutano, wengine walitaka nyumba zote za chini ya barabara zibomolewe. Wengine wakasema hiyo ni njia kuukuu, waachiwe wenye viwanja. Kelele zikawa nyingi mpaka baba mdogo aliposimama.

"Nilitaka bonde liwe langu peke yangu," alisema. "Nusura nimzike mama yangu kwa mawe ya barabara yenu."

Ndipo fundi akasema kile ambacho angekisema mapema kama tusingemcheka. Watu wajenge, ila hatua ishirini chini ya ukuta, paa lisipite usawa wa barabara, na matundu yabaki wazi. Tukakubaliana.

Tulipanga mawe upya mkono kwa mkono. Mimi niliyeziba kumi na moja nikapewa kazi ya kuyaacha. Kila baada ya hatua mbili niliweka ngumi yangu kati ya mawe, fundi akapanga kuizunguka, kisha nikaitoa. Matundu yale yana ukubwa wa ngumi yangu hadi leo.

Nyumba ya sasa ni ndogo. Baba mdogo akiwa barazani anaona bonde lote, na mwalimu mkuu akipita kule juu analiona pia. Hupungiana mikono.

FUNZO

Mwenye kiwanja ana haki ya kujenga, na barabara ya zamani ni haki ya kila apitaye. Haki hizo mbili zinakaa pamoja zikipeana nafasi. Na kabla hujaziba kitu walichokiacha waliotutangulia, uliza kwanza kwa nini walikiacha. Mimi nilijiuliza tangu utotoni, lakini siku nilipopewa mwiko sikuuliza kwa sauti.