Simu Ndogo, Mzigo Mkubwa

Wazazi wenzangu, nisikilizeni. Kuna nyumba moja ilikuwa na amani yake, na kilichoivuruga si mlevi wala mwizi, ni simu inayoenea kwenye kiganja.

Asubuhi ile fundi friji alikuwa amepiga magoti akimfunga binti yake kamba za viatu. Mkewe, naye wa kwenda kazini, alikuwa akipasi sare yake, na chai ilikuwa bado inafuka mezani. Binti alikuwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha.

"Baba watoto, ukitoka hapa pitia duka la dawa," mkewe alisema. "Halafu umpelekee shuleni kabla hujaenda popote."

"Nimekusikia."

"Na hii chukua." Akamsogezea simu ya zamani ya vitufe. "Hiyo yako inazima mchana kweupe."

Fundi akacheka, lakini moyoni alikereka. Mtaa mzima ulimwita Kiganja kwa sababu ya simu ile, Android ndogo ya daraja la juu, na jina lilikuwa limemkaa. Tusimwonee, simu ilikuwa nzuri kweli. Akiwa juu ya ngazi aliishika kwa mkono mmoja na kidole gumba kikafika kila pembe. Ilizama mfukoni bila kumchoma nyonga. Kamera yake ilisoma namba zilizofutika nyuma ya friji, mahali ambapo kichwa cha mtu hakiingii. Ila mwili mdogo una tumbo dogo: betri haikufika jioni, na ikifanyishwa kazi nzito ilipata moto kama pasi. Maandishi nayo yalimtaka akunje uso. Hayo hakuwahi kumwambia mtu. Hata betri ya akiba alikataa kubeba. Sasa raha ya simu ndogo iko wapi, alijiuliza, kama nitatembea na tofali pembeni?

Akaiacha ile ya vitufe mezani.

Dawa aliinunua. Alipotoka dukani simu ikaita: mwenye bucha, friji limezima, nyama inaanza kutoa maji. Bucha ilikuwa njiani. Nitapita mara moja, alijisemea, kisha shuleni.

Alipenyeza simu nyuma ya friji, akapiga picha, akaikuza, akaona waya ulioungua. Mwenye bucha akastaajabu. "Kidude hiki ndicho kilichoona?"

Sifa zikamlevya Kiganja. Akawafungulia wakata nyama video za mpira waone rangi zilivyo kali, moja baada ya nyingine, mpaka simu ikawaka moto mkononi na alama ya chaji ikawa nyekundu. Itafika tu, akasema, akarudi kwenye waya. Haikufika. Ikazima mfukoni mwake naye hana habari, na dawa ya mtoto imelala kwenye mkoba kati ya bisibisi na koleo.

Alipomaliza na kuichomeka kwenye chaja ya mwenye bucha, ujumbe ukamiminika. Mwalimu amepiga. Mke amepiga. Mwalimu tena. Mke, mke, mke. Herufi zilikuwa ndogo, na hata alipokunja uso hazikusomeka. Ikabidi mwenye bucha amsomee ule wa mkewe: "Mtoto kabanwa kifua. Mama Cherehani kampeleka hospitali. Uko wapi?"

Mama Cherehani ni jirani yao mshonaji, mwenye kibanda karibu na shule. Mke wa fundi alipomkosa mumewe, alimpigia yeye. Mama wa watu alimwacha mteja na gauni lenye pini mwilini, akambeba mtoto.

Kiganja alimkuta binti yake kitandani, barakoa ya hewa usoni, mbavu zikipanda na kushuka. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, yangekuwa mengine. Mkewe hakugeuka kumtazama.

"Simu ilizima," fundi alisema.

"Simu haina mtoto. Mwenye mtoto ni wewe."

Alitaka kuikasirikia simu, aitupe dirishani, lakini hasira ilimrudia mwenyewe.

Mtoto alipopona, fundi alimpeleka shuleni yeye mwenyewe. Mwalimu akainama, akamuuliza binti kwa upole: "Kifua kikibana tena, tumpigie nani kwanza?"

Binti hakufikiri. "Mama Cherehani. Yeye anapokea."

Baba alikuwa amesimama palepale, amemshika mkono.

Funzo

Simu ndogo yenye nguvu si dhambi. Inafaa kwa fundi, kwa mama mwenye mzigo, kwa yeyote ambaye mkono wake mmoja una kazi. Lakini kila chombo kina udhaifu wake, na mwenye chombo ndiye wa kuufahamu na kuubebea dawa. Kama betri haifiki jioni, beba ya akiba, hata wakikucheka. Ukiambiwa na wa nyumbani mwako, sikia. Na ukitumwa kwa ajili ya mtoto, fika kwa mtoto kwanza. Friji la watu hutengenezwa hata kesho. Imani ya mtoto ikishahamia kwa jirani, sijamwona fundi wa kuirudisha.