Mzee wa Mkiani

Malori yalisimama yote kwa pamoja, bila dereva, bila breki kulia. Juu yake, ndani ya ukungu wa Mbeya, kilielea Mchungamsafara, chombo cha duara kipana kama ungo, kikivuma kama mbu. Kikisema simama, njia panda nzima inasimama, baiskeli zinapita.

Watu walishazoea. Malori hayakuona kitu kwenye ukungu, basi yalisikiliza chombo. Chombo nacho kilisikiliza shanga. Kila aliyejiandikisha kwa msafara wa baiskeli wa kila mwaka alivaa ushanga kifuani, ukampima moyo na kueleza alipo. Ushanga wa mwisho ukishavuka, malori yanaondoka.

Aliyekitengeneza ni mhandisi Atupele. Baiskeli alifundishwa na baba yake mdogo, mzee Ambakisye, aliyekuwa akimshikia tandiko na kukimbia nyuma yake. Mwaka huu ushanga ulimpima mzee ukamkataa. Moyo umechoka, ulisema. Hakuandikishwa.

Asubuhi ya msafara akaja hivyo hivyo.

"Baba mdogo, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana nisijiandikishe. Sijajiandikisha."

Vijana wakacheka. "Mzee mdandiaji! Chai umebeba?"

"Na kiazi changu. Sitaki mtu anihesabie matonge."

Wadandiaji, wale wanaofuata bila kujiandikisha, hawakukosekana katika msafara wowote, na adabu zao zilijulikana. Mdandiaji hagusi maji ya mezani, hata kama koo limekauka. Hampiti aliyejiandikisha. Picha ikipigwa, anasogea pembeni. Njia panda anawaachia wenye msafara wavuke kwanza, naye anafuata kwa mbali kidogo, asionekane anajibanza kwenye kundi la watu. Chombo kilipokuwa kinaundwa, mtu mmoja aliuliza kikaoni: na wasio na ushanga je? Atupele akajibu, "Hao wana adabu zao, hawasumbui mtu." Wakaendelea na mengine.

"Basi kaa katikati, karibu na mimi," Atupele alimwambia mzee.

"Katikati ya walioandikishwa, mimi nani? Nitakaa mkiani, mwanangu. Nikifanya vingine utaaibika wewe."

Akataka kumjibu, lakini chombo kikapiga filimbi, wakaondoka.

Waliteremka hadi njia panda ya malori. Atupele akavuka, akasimama kando kumngoja. Aliona kwa shida mzee ameweka mguu chini upande wa pili, anampisha mama mmoja ambaye mnyororo wake ulikuwa umechomoka.

"Pita mama, pita. Mimi wa nyuma."

Yule mama akavuka. Ndiye aliyekuwa na ushanga wa mwisho. Mzee hakumfuata papo hapo. Alimwacha atangulie kidogo, kama adabu inavyotaka.

Hapo ndipo Atupele alipoelewa.

"Baba, usivuke! Rudi! Rudi nyuma!"

Mzee alisikia sauti, maneno hakuyapata. Akainua mkono kumwonyesha asimngoje, akapanda baiskeli. Malori yakaondoka kimya kimya, maana yalitengenezwa yasipigie watu kelele.

"Wote wamevuka," kikasema chombo. "Hakuna aliyepungua." Kule mbele watu wakapiga makofi, kama kila mwaka.

Atupele alitupa baiskeli akakimbia kurudi. Chombo kikauona ushanga wake, malori yakasimama yote, yakampisha kwa heshima. Akaketi kwenye lami, akakipakata kichwa cha mzee. Chupa ya chai ilikuwa imepasuka, chai inafuka moshi. Kiazi kilikuwa mfukoni bado, kimefungwa kwenye leso.

Chombo kikashuka taratibu hadi usawa wa uso wake.

"Mwendeshaji Atupele, moyo wako unakwenda mbio. Uko peke yako barabarani. Tafadhali rudi kwenye msafara."

"Siko peke yangu."

Chombo kikazunguka, kikaangalia tena.

"Uko peke yako," kilirudia, kwa ile sauti ya upole aliyokichagulia mwenyewe.