Hodi ya Nne

Taa za ukumbi zilipozimwa, jiji zima la Tanga liliota sakafuni, dogo, limefumwa kwa nuru. Kila binadamu alikuwa nukta, na kila nukta iliacha nyuma yake uzi mwembamba unaong'aa. Watoto wa shule walimiminika kama mtama uliomwagika. Makuli wa bandarini walichora mstari mmoja mnene wa buluu. Wageni walisahau kufumba midomo. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, alichuchumaa akanyoosha kidole kugusa mtaa aliozaliwa. Kidole kikapita kwenye nuru kama kwenye moshi.

"Huu ndio Utando," alisema Mhandisi Mkuu Lyatuu, kwa sauti ya mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Zaituni Semboja alisimama nyuma, kwenye mitambo. Alikuwa na miaka kadhaa katika kampuni hii ya Ngao, na bado kila Utando ulipowaka mwili ulimsisimka. Wadudu wa kioo, wadogo kuliko viroboto, waliruka juu ya jiji bila kuonekana, kila mmoja akimfuata mtu wake. Waliyoyaona yalishuka kwenye ubongo-mashine uliolala chini ya ukumbi, nao ukasoma mwenendo wa kila mtu na kukisia uhalifu kabla haujatendeka. Mtu akionekana hatari hakupelekwa jela. Jela zilikwishabomolewa. Milango ndiyo iliyomkataa. Kila nyumba ilikuwa imewekwa mlango-tambuzi, mbele na nyuma, zawadi ya Ngao kwa wananchi, na mtu akishapigwa muhuri mwekundu hakufunguliwa mlango wowote ila wa kwake.

Zawadi! Babu zetu kwenye mashamba ya mkonge nao walipewa kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, wakaambiwa ni kwa faida yao. Bibi zetu walizolewa mitaani kwa kosa la kuwa mwanamke asiye na mume wa kumwonyesha askari. Likaandikwa neno "mzururaji", na aliyeandika akaenda zake kula. Waliosahau wamesahau. Wengine tunakumbuka.

"Tazameni Raskazone," alisema Lyatuu. "Nyuzi zimenyooka. Nyumbani, kazini, nyumbani. Na ile nukta ya dhahabu, mnaiona? Hiyo ni nyumba yangu, yaani mke wangu. Tangu Utando uwashwe haijavuka kizingiti hata mara moja. Mashine imeipa alama za juu kuliko zote jijini."

Makofi yakapigwa. Nukta ilikuwa nzuri kweli, imetulia kama punje ya dhahabu kwenye kiganja.

"Sasa Ngamiani."

Hapo nuru iliparaganyika. Nyuzi ziliingia nyumba hii zikatokea ile, zikarudi, zikapindana, zikafunga mafundo juu ya mafundo.

"Kila fundo ni mtu aliyeingia nyumba isiyo yake," alisema Lyatuu. "Hakualikwa na mwenye nyumba, na ametoka na kitu mkononi. Mashine inaitaje hiyo, Semboja?"

"Wizi wa majumbani, Mhandisi." Neno hilo alikuwa amelitia mwenyewe kwenye mashine.

"Na huyu hapa ndiye kinara. Muhuri wake unapigwa saa sita mchana huu."

Picha ikaelea hewani. Zaituni alizitambua khanga kabla ya uso. Bi Mwantumu, shangazi yake, mdogo wa baba yake. Aliacha mitambo ikiwaka akatoka.

*

Nyumba za Ngamiani zimegeuziana migongo. Mbele, barazani, ni kwa wanaume na wageni. Nyuma ni uani, penye jiko na kamba za nguo, na katika kila ukuta wa uani pana kijimlango cha kuingilia kwa jirani. Wanawake wamepita humo enzi na enzi kwa sababu barabara haikuwa yao. Aliyeonekana sana barabarani alisemwa. Basi wakajitengenezea barabara yao, ndani kwa ndani, ya kuazimana chumvi na kupelekeana makaa, ya kumwogesha mzazi aliyejifungua na kumkanda mgonjwa. Mashine haikufunzwa huko. Ilifunzwa kwenye mitaa ya kuta ndefu, ambako jirani akiingia bila kualikwa hufunguliwa mbwa. Huko ndiko walikokaa waliolipia mafunzo.

Zaituni alimkuta shangazi yake uani kwa Bi Siwatu, bakuli la uji mkononi, anagombana na mlango-tambuzi wa nyuma wa nyumba.

"Samahani," mlango ulisema kwa sauti laini ya kike. "Mwenendo wako haukubaliki. Tafadhali rudi nyumbani."

"Mwenendo wangu! We ubao, umenijua lini?"

"Mwantumu!" sauti iliita kutoka ndani. "Unagombana na nani?"

"Na mlango wako!"

"Uambie nina njaa, labda una huruma."

Wanawake waliojaa uani walicheka, lakini kicheko kilikufa upesi. Bi Siwatu aliishi peke yake, amepooza, hawezi hata kujigeuza. Mama Riziki wa nyumba ya tatu alishajaribu kuingia badala ya Bi Mwantumu. Kwa kuwa naye alizoea kupita njia zile zile, muhuri ukampata papo hapo. Akafuata mwingine, na mwingine. Kufikia saa saba hapakuwa na mwanamke mtaani ambaye mlango ule ungemkubali. Wanaume wao walikuwa kazini, na waliokuwepo hawajawahi kuingia chumba kile.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja, mwanangu. We si ndiye msomi wa mashine? Ufungue huu mlango."

"Siwezi kuufungua kutoka hapa, na kwa kupita njia za uani nami nimeshapigwa muhuri. Nitaandika rufaa. Wataisikiliza wiki ijayo."

"Wiki ijayo tutakuwa tumekula hitima yake." Bi Mwantumu alimtazama. "Inasema mimi ni mwizi. Nani kaifundisha hilo neno?"

"Mimi," alisema Zaituni.

Wanawake wote wakamgeukia.

"Nilielekezwa kwamba kosa ni kuvuka kizingiti bila ruhusa," alisema.

"Na utotoni ulikuwa unakula wapi, Zaituni? Siku zote kwa mama yako?"

Alikula kwa Bi Siwatu huyu huyu, akiingia kwa kijimlango kile cha ukuta wa uani wala hakuitwa na mtu. Aliupapasa mlango. Kufuli lake hata risasi isingelivunja, aliyajua majaribio. Kisha vidole vyake vikafika kwenye bawaba. Zilikuwa za chuma cha kawaida. Hakuna mtu Ngao aliyewahi kufikiri kwamba watu wangeng'oa milango yao wenyewe.

"Mama Riziki," alisema, "kuna mtaimbo hapa?"

Mlango ulianguka uani kwa kishindo, ukiendelea kusema, "Samahani. Samahani." Bi Mwantumu aliukanyaga akaingia na uji wake.

"Umepoa," alisema Bi Siwatu baada ya kijiko cha kwanza.

"Ungeuambia mlango wako."

Huko nje mtaimbo ulikuwa umeshapokewa. Uani baada ya uani, milango-tambuzi ikang'olewa, ikalazwa chini kama mikeka.

Kando ya kitanda, Zaituni alifungua kioo chake cha kiganjani auone Utando. Mashine ilikuwa inatafuta vizingiti haivioni. Mafundo ya Ngamiani yalifunguka moja moja kama maua ya usiku, na sasa, kwa mara ya kwanza, aliona yalikuwa yamefungwa kuzunguka nini. Katikati palikuwa na nukta moja isiyotikisika. Bi Siwatu. Mwanamke asiyeweza kuinuka kitandani, na nyuzi za mtaa mzima zilipita kwake, zikamzungushia nuru mpaka akawa kama jua.

Bi Mwantumu alichungulia begani kwake. Kidole chake, chenye uji, kilielekea Raskazone.

"Na huyu aliyetulia huku? Naye kapooza?"

"Hapana. Ni mke wa Mhandisi Mkuu. Mashine inasema ndiye raia mwema kuliko wote."

"Anaitwa nani?"

"Sijui. Mumewe hajawahi kumtaja jina."

"Nani humwendea?"

Zaituni aliikuza picha. Uzi mmoja tu uligusa ile punje ya dhahabu: wa mume, ukitoka asubuhi, ukirudi jioni, umenyooka kama mwiba. Wizi haukuwepo. Mgeni hakuwepo. Utando haukupima kinachotendeka kati ya uzi ule na nukta ile, kwa kuwa hakuna aliyevuka chochote.

"Hakuna mtu, Shangazi."

Bi Mwantumu alimfuta Bi Siwatu mdomo, akajitanda khanga vizuri.

"Nendeni," alisema Bi Siwatu. "Mkirudi mnihadithie. Msinifiche."

*

Barabara ya Raskazone ilikuwa pana, imefagiwa, haina mtu. Wanawake wa Ngamiani walisimama mbele ya nyumba ya Lyatuu, wote wekundu kwenye kioo cha Zaituni.

"Hodi!" aliita Bi Mwantumu.

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi jamani, wenyewe!"

Hodi tatu zisipoitikiwa, mwenye adabu zake huondoka. Kila aliyekuwepo alilelewa hivyo. Zaituni aligeuka. Hapo ndipo alipoona, kiganjani mwake, punje ya dhahabu ikitetemeka.

Bi Mwantumu hakuwa na kioo wala hakuona kitu. Aliuinua mkono, akaupiga mlango kwa kiganja kizima.

"Hodi, mwanangu!"

Ndani, kitu kizito kilianza kuburuzwa sakafuni, kikija upande wa mlango, na punje ya dhahabu ikija nacho. Mama Riziki akautua mtaimbo kutoka begani, akauelekeza kwenye bawaba.