Siwema na Bendera Iliyosubiri Hotuba

Sogeeni, sogeeni. Miguu yote kwenye mkeka. Haya, sikilizeni.

Siwema ana miaka sita. Anaishi Morogoro na Baba, Mama, Mjomba Chande na Bibi.

Siku moja Baba alisema, "Kesho ni tarehe tisa Desemba, Sikukuu ya Uhuru! Mwaka huu historia hatuisomi tu. Tunaifanya kwa mikono!"

"Tutafanya nini, Baba?"

"Tutapandisha bendera ya Tanganyika hapa hapa uani, kama siku ile ya kwanza. Na wewe ndiye utakayevuta kamba."

Siwema akaruka. Ruka! Ruka! Ruka!

Bendera aliishona mwenyewe, kwa vitambaa vya zamani. Kijani juu, kijani chini, nyeusi katikati, na mistari miwili myembamba ya njano.

Sindano ilimchoma mara tatu. Alilia mara moja tu.

Bibi alikaa pembeni, akimtazama. "Mimi mwenzio sikuiona," akasema.

"Hukuona nini, Bibi?"

"Bendera ikipanda. Siku ya Uhuru nilikuwa na miaka sita, kama wewe. Tulikwenda uwanjani. Wakubwa wakahutubia. Wakahutubia weee! Nikasinzia mapajani kwa mama. Kuamka, watu wanarudi nyumbani."

Maskini Bibi! Siwema alimwonea huruma sana.

"Kesho utaiona, Bibi. Nakuahidi."

Asubuhi, mwanzi mrefu ulisimama uani. Kamba ilikuwa tayari. Bibi alikaa kiti cha mbele, na kanga yake mpya.

Siwema akashika kamba. "Nivute?"

Wewe unayesikiliza, unaona kazi gani imebaki? Kuvuta kamba, basi! Lakini wakubwa, jamani, wakubwa!

"Bado!" akasema Mjomba Chande. "Itifaki kwanza!"

"Itifaki ni nini, Mjomba?"

"Ni utaratibu. Nani aanze, nani afuate, nani akae wapi."

Mjomba alikuwa mshereheshaji. Kipaza sauti chake kilikuwa mwiko wa ugali.

Mama alikuwa mgeni rasmi. Alikuwa amevaa, amejipamba, na amesimama nyuma ya jiko. Hatua kumi tu kutoka hapo.

"Nije?" Mama akaita.

"Bado!" akajibu Mjomba. "Mgeni rasmi hawahi!"

Basi Mama akasubiri, ili achelewe vizuri.

Baba akasimama. Akatoa karatasi mfukoni. Moja, mbili, tatu... kumi na moja!

"Ndugu mgeni rasmi, ambaye hujafika. Ndugu mshereheshaji. Bibi yetu mpendwa. Ndugu jogoo, na mitetea wote mliohudhuria..."

"Makofi kwa Baba!" akasema Mjomba. Pa! Pa! Pa!

Baba alikuwa bado hajaanza. Alikuwa anasalimia tu.

Bibi akapiga mwayo. Aaaawuu!

Siwema akashtuka. "Mjomba, nivute?"

"Bado! Itifaki kwanza!"

"Nije?" Mama akaita.

"Bado! Mgeni rasmi hawahi!"

Baba akasoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Jua likapanda juu ya bati.

Jicho moja la Bibi likajifumba. Fumba.

Siwema akakimbia, akaleta chai ya tangawizi. Bibi akanywa. Fyuu, fyuu. Jicho likafumbuka.

"Mjomba, tafadhali, nivute?"

"Bado! Itifaki kwanza!"

Baba akasoma ukurasa wa tano. Ulihusu umuhimu wa kutunza muda.

Aaaawuu! Bibi akapiga mwayo tena. Siwema akamtekenya nyayo. Bibi akacheka kidogo, hi hi hi, kisha kidevu kikaanza kushuka.

Kikashuka. Kikashuka.

"Nije?" Mama akaita. "Miguu inaniuma!"

"Bado! Mgeni rasmi hawahi!"

"Na sasa," akasema Baba, "baada ya maneno hayo machache ya utangulizi..."

Macho yote mawili ya Bibi yakajifumba.

Siwema aliogopa. Akamtazama Mjomba. Akamtazama Baba. Akamtazama Bibi yake, anayeikosa bendera tena, kwa mara ya pili.

Hakuuliza.

"Bibi! Amka, Bibi! Tazama!"

Akavuta kamba. Kwii! Kwii! Kwii!

"Simama!" akapiga kelele Mjomba. "Itifaki! Itifaki!"

Kwii! Kwii! Kwii!

"Ukurasa wa sita!" akalia Baba.

Mama akatoka mbio nyuma ya jiko, viatu mkononi. "Mimi nimechoka kuchelewa!" akasema. Naye akaishika kamba pamoja na Siwema.

Kwii! Kwii! Kwii!

Bibi akafumbua macho.

Bendera ilikuwa inapanda. Ikafika juu kabisa. Upepo ukaja, pata-pata-pata, ikajikunjua yote.

Bibi akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Machozi yakamtoka, na huku anacheka.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe ndivyo inavyopanda!"

Mjomba Chande akateremsha mwiko wake. Baba akazitazama karatasi zake, kisha akamtazama mama yake. Akazikunja taratibu, akazirudisha mfukoni. Aliona aibu kidogo, na ilimstahili.

Kisha wakala pilau. Kila mtu akajipakulia, na hakuna aliyeuliza nani aanze.

Jioni Siwema akaoga, akapanda kitandani. Baba akaja kumfunika.

"Haya, mwanangu. Leo umejifunza nini kuhusu Uhuru?"

Siwema akafikiri.

"Kwamba bendera ni nyepesi, Baba. Hata mimi naiweza."

Baba akafungua kinywa. Akakohoa kidogo, kama anayetaka kuanza. Akamtazama mtoto.

"Lala salama, Siwema," akasema.

Ilikuwa hotuba yake fupi kuliko zote. Na nyumba nzima waliipenda.