Wifi na Mtoto wa Mbawala

Jumamosi mshonaji aliamka mapema kuliko mtoto. Alikaa kitandani, akakamua maziwa yake kwenye chupa ndogo. Alikamua dakika ishirini nzima, na chupa haikufika hata nusu.

Jumatatu likizo yake ya uzazi ilikuwa inaisha. Alitakiwa kurudi kwenye cherehani yake, katika karakana inayoshona sare za shule. Mtoto wa miezi minne angebaki kwa jirani anayelea watoto. Kwa hiyo leo alitaka kujua kama mtoto atakubali chupa.

"Unamfundisha kuishi bila wewe," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Katika ukoo walimwita Jaji. Kesi yoyote, ya nyumba yoyote, lazima aiamue, awe ameitwa au hajaitwa. Alikuwa amekuja kukaa siku mbili. Hii ilikuwa wiki ya tatu.

"Shikamoo, wifi," mshonaji alijibu, akafunga chupa. Maneno hayo alikuwa ameyasikia mpaka basi.

Jaji alitaka aache kazi. "Mama gani anamwacha mtoto mchanga anakwenda kushona kaptula za watu?" Aliyasema jikoni. Aliyasema uani. Aliyasema kwenye simu na shangazi zake, kwa sauti ya kusikika. Mume alikuwa fundi wa friji, mtu mwema, lakini mbele ya dada yake alinywea. Jana alikuwa amesema, "Tutaongea Jumapili." Mshonaji alielewa. Wakiongea Jumapili, Jumatatu cherehani yake itakaliwa na mtu mwingine.

"Leo hatubishani," mume alisema walipokuwa wanafunga mkoba. "Leo tunakwenda hifadhini, tunapumzisha akili."

Hifadhi ilikuwa kando ya mto, mwendo mfupi kutoka kituo cha mwisho cha basi. Getini walipokewa na mhifadhi, mama wa makamo mwenye buti za mpira na darubini shingoni.

"Karibuni," alisema. "Msitoke kwenye njia. Msilishe wanyama. Mkiona kitu msichokielewa, msikiguse. Nipigieni simu. Namba iko nyuma ya tiketi."

"Tumeelewa," alisema Jaji, ambaye alikuwa ameshaanza kutembea.

Njia ilikuwa ya mbao, ikifuata ukingo wa mto. Ndege mdiria alikuwa ametua kwenye tawi juu ya maji, ana rangi ya buluu ya kupendeza. Mshonaji alisimama amwangalie. Nyuma yake Jaji alikuwa anaeleza jinsi binamu fulani alivyolea watoto sita bila kutoka nyumbani. Mdiria akaruka. Baadaye kenge aliteleza akaingia majini, na tumbili wakahamia ng'ambo.

"Hifadhi gani haina wanyama?" Jaji aliuliza. "Tumeibiwa kiingilio."

Mshonaji alimtazama mumewe. Mume alijikausha, akawa anachunguza misumari ya mbao.

Jua lilipokuwa kali, Jaji aliruka kamba ya njia, akaingia kwenye majani marefu kutafuta kivuli. Walimwita asisikie. Dakika chache baadaye walisikia sauti yake.

"Njooni. Njooni muone ukatili."

Mume akaenda mbio, na mshonaji akafuata akiwa amembeba mtoto. Walimkuta Jaji amekaa chini. Amepakata mnyama mdogo wa kahawia mwenye madoa meupe, amemviringisha kwenye mtandio wake. Mnyama alikuwa amelaza masikio. Hakupiga kelele wala hakutikisika.

"Mtoto wa swala," alisema Jaji. "Nimemkuta peke yake kwenye majani. Mama yake amemtupa. Hata nguvu ya kulia hana. Tunamchukua nyumbani."

"Dada, mhifadhi alisema tusiguse," mume alisema polepole.

"Mhifadhi yuko wapi? Mtoto anakufa njaa." Jaji alivuta mkoba, akaupekua, akatoa chupa.

Mshonaji hakuamini macho yake. "Wifi, hayo ni maziwa yangu."

"Maziwa ni maziwa."

"Nimeyakamua alfajiri. Ni ya mtoto."

"Mtoto wako anaye mama. Huyu ana nani?"

Mshonaji alimpokonya chupa. Akamkabidhi mume mtoto, akatoa tiketi mfukoni, akapiga simu.

Mhifadhi alifika haraka. Hakufoka. Alipiga magoti, akamwangalia yule mnyama macho, pua na miguu, bila kumshika.

"Huyu ni mtoto wa mbawala," alisema. "Ni mzima. Mlimtoa wapi hasa?"

Jaji alionyesha mahali majani yalipolala. "Ametupwa, mama. Nimemwokota."

"Hajatupwa. Amefichwa."

"Na nani?"

"Na mama yake. Mbawala akizaa, humlaza mtoto kwenye majani kwa wiki nyingi, yeye akaenda kula mbali kidogo. Mtoto huyu hana mbio, na harufu yake ni ndogo. Chui au fisi anaweza kupita karibu asimjue. Mama yeye ni mkubwa na ananuka. Akishinda hapa, atawaonyesha adui mahali mtoto alipo."

"Sasa ananyonya saa ngapi?"

"Mama anarudi mara chache kwa siku. Anamnyonyesha, anamlamba mpaka harufu iishe, anaondoka tena. Na kunyamaza huku si udhaifu. Ndiyo kazi yake. Akiona hatari, halii, analala chini kimya."

"Kwa hiyo hatari ni sisi," alisema mume.

"Leo, ndiyo. Kila mwaka tunaletewa watoto kama huyu, wamebebwa na watu wenye huruma. Wengi wanakufa. Maziwa ya ng'ombe au ya mtu yanawaharisha."

Mshonaji alimtazama wifi yake. Jaji alikuwa anatazama majani.

"Lakini mtu atajuaje kama kweli ameachwa?" mume aliuliza.

"Ukimwona ana jeraha, au nzi wamemjaa, au analia kwa saa nyingi, au mama yake amekufa karibu, piga simu. Hata hapo usimbebe."

"Nimeshamshika," Jaji alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mama yake atamkataa kwa harufu yangu."

"Mara nyingi hawakatai. Mrudishe palepale, kisha tuondoke wote. Akituona hapa, hatakuja."

Jaji alimrudisha mtoto kwenye majani, akachukua mtandio wake. Halafu akakaa chini tena.

"Nyinyi nendeni," alisema. "Mimi nitamlinda mpaka mama yake aje."

Mhifadhi alianza kueleza upya. Jaji akatikisa kichwa. Mume akasema, "Dada, jamani," akaishia hapo.

Mambo yalikuwa yamemfika mshonaji kooni. Kwa wiki tatu alikuwa amemeza maneno.

"Wifi, simama," alisema. "Mama yake yuko vichakani anatuangalia, na mtoto ana njaa. Anayemzuia ni wewe. Unamhukumu mama wa watu kwa sababu hukumkuta. Hukumuuliza amekwenda wapi. Hukumuuliza anarudi lini. Ulimkuta mtoto, ukakata kesi."

"Usinifananishe na mambo yako ya kazi," Jaji alisema.

"Ya kazi umeyataja wewe. Sasa simama, mtoto anyonye."

Ndege walilia ng'ambo ya mto. Jaji alijifuta uso kwa mtandio, akainuka taratibu. Wote wakarudi mpaka getini. Mhifadhi aliandika namba yao ya simu, akasema atamwangalia mtoto kwa darubini kutoka upande wa pili wa mto na kuwajulisha.

Nyumbani Jaji hakula. Aliweka simu ya mdogo wake mezani mbele yake, na kila mtu aliyejaribu kuigusa alikatazwa. Ilipolia, saa kumi na mbili na nusu jioni, aliipokea yeye.

"Amekuja?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Amekuja, mama," mhifadhi alisema, na wote walisikia. "Alizunguka kwanza. Akaita kidogo, mtoto akasimama. Akamnyonyesha, akamlamba sana, maana alikuwa na harufu yako. Halafu akaondoka."

"Akaondoka tena?"

"Akaenda kula. Asipokula, maziwa yatatoka wapi?"

Jaji alishukuru, akaweka simu chini. Akavuta sahani yake, akala bila kukosoa chochote, jambo ambalo mdogo wake hakuwahi kuliona tangu azaliwe.

Jumapili ilifika. Mume alisafisha koo mara mbili. "Kuhusu yale maongezi," alianza.

"Maongezi gani?" alisema Jaji. "Kesho mkeo anakwenda kazini. Mpigie pasi gauni lake."

Jumatatu asubuhi mshonaji alipombeba mtoto ampeleke kwa jirani, Jaji alikuwa amesimama mlangoni.

"Jirani ana watoto wa kumtosha," alisema. "Huyu nitabaki naye mimi. Nitakaa mpaka mwaka uishe."

Mwaka ulikuwa umebakiza miezi mitano. Mshonaji alitaka kumkumbatia, na papo hapo alitaka kulia. Alimpa mtoto, akambusu, akakimbilia basi.

Kabla ya saa nne alikuwa amepigiwa simu mara saba. Mtoto amepiga chafya. Mtoto amecheka. Kofia ya mtoto iko wapi. Msimamizi wa karakana alianza kumtazama kwa jicho baya. Simu ilipolia mara ya nane, mshonaji aliipokea kwa hasira.

"Nini tena, wifi?"

"Hakuna kitu," Jaji alisema kwa sauti ya chini. "Amemaliza chupa, amelala. Ushone bila wasiwasi."