Owor Alipewa Kazi Akiwa Kaburini

Namba ilikuwa imegeuka. Nasirumbi aliandika mia moja na ishirini, kompyuta ikamtolea arobaini na tano.

"Opendi! Nani alishika kitu yangu?"

"Si mimi, dada. Uliza Shallon."

"Shallon iko Tororo!"

"Na Tororo si wanaingia mashine hii hii?"

Wakaanza kutukanana, na majirani wa pale Busia, watu ambao masikio yao hayana mlango, wakapata cha kusimulia.

Karakana ya Nasirumbi ilikuwa ikitengeneza ving'ora vya mashimo ya dhahabu ya Tiira, vilie maji yakipanda. King'ora chenyewe ni kidude kidogo, hakina nguvu ya kujipikia programu. Programu inapikwa kwenye kompyuta kubwa, kwa lugha ambayo kidude kile kinaielewa, halafu inapakuliwa ndani yake. Wapishi walikuwa watatu: Nasirumbi na Opendi pale Busia, Shallon akiingia kwa mtandao kutoka Tororo. Zamani kila mtu alikuja na sufuria yake, na kilichopikwa na huyu kikikataa kwa yule. Nasirumbi akachoka. Akaweka jiko moja ndani ya ile kompyuta kubwa, vyombo vya wote, akavifunga: kutumia ruhusa, kugeuza marufuku. Opendi akaambiwa atafute jina moja la kuingilia, wote wawe wanapika kwa jina hilo.

Mwenye shimo naye, mtu wa tumbo na makelele, alikuwa amesema king'ora kilie maji yakifika kifuani, yaani sentimita mia moja na ishirini. "Sitaki kusimamishiwa kazi kwa tope la miguu!" Vilikuwa vifungwe kesho yake, na Bwire, mdogo wake Nasirumbi wa tumbo moja, alikuwa kwenye zamu ya kwanza. Namba inayojigeuza leo, Bwire akiwa chini itakuwa ngapi?

Akapika tena. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, lakini chumba kikanuka tope la chini sana, lile lisilojua jua.

"Nani aliingia na viatu vichafu?"

Opendi akainua nyayo zake, kavu.

Nasirumbi akachomoa waya wa mtandao, akamsukuma Opendi nje, akafunga mlango kwa komeo, akapika peke yake, na feni ya kompyuta ikaacha kuvuma, ikaanza kugonga ko, ko, ko, kama sururu kwenye mwamba, na jasho likamshuka huku vidole vimepata baridi, na kwenye kioo namba aliyoiandika ikafutika tarakimu moja moja mbele ya macho yake, polepole, kama inafutwa na mtu asiyejua kuandika vizuri, ikaja arobaini na tano, na nyuma ya shingo yake mtu akakohoa kikohozi cha vumbi.

Alitoka mbio akamkamata Opendi shati.

"Jina la wote uliandika gani?"

Opendi akanong'ona. "Owor."

"Owor gani?"

"Rafiki yangu. Yule alifukiwa na shimo Tiira mwaka jana. Dada, nilifikiria ni heshima."

"Wewe ni Japadhola nzima, mila yenu unajua, unapatia kitu jina la maiti na hujauliza kwao? Si umemwita! Na kila siku sisi watatu tunamwambia pika, Owor, pika!"

Mama yake Owor, Leonida, akaletwa kutoka Kiyeyi jioni hiyohiyo. Hakusalimia mtu.

"Mwanangu alichimba mpaka akafa, na bado mnamtuma?" Akaigeukia kompyuta, akaipiga kofi. "Na wewe! Nani alikwambia uitike? Toka!"

Opendi akafuta jina. Feni ikavuma kama feni. Harufu ikakatika. Nasirumbi akapika, namba ikatoka mia moja na ishirini, safi, kama alivyotaka mwenye shimo.

Opendi na majirani wakashangilia. Nasirumbi akabaki anaitazama ile namba.

"Mama, wakati Owor anakufa, maji yalikuwa yamefika wapi?"

Leonida akainama, akashika goti. "Hapa. Maji hayakumuua. Maji yalilainisha ukuta, ukuta ndio ulimla."

Nasirumbi akarudi kwenye kompyuta. Akaandika arobaini na tano kwa mkono wake mwenyewe, akapika, akapakua. Mwenye shimo alipopata habari na kupiga simu kufoka, alijibiwa matusi ya Kisamia ambayo siwezi kuyaweka kwenye karatasi, maana hata watoto wanasoma.

Kesho yake saa nane king'ora kikalia Tiira. Watu kumi na mmoja wakapanda ngazi wakilaani king'ora, wakilaani na aliyekitengeneza. Bwire alikuwa wa mwisho. Alipoweka tu goti juu, ukuta ukashuka nyuma yake, shimo likajaa.

Nasirumbi akamkimbilia. Lakini Bwire alikuwa amekasirika, anazunguka, anatafuta mtu wa kupiga.

"Nani alikuwa ananisukuma kutoka chini? Ananisukuma kwa nguvu, ananiambia haraka, mjinga wewe, haraka!"

"Bwire," dada yake akamwambia taratibu, "nyuma yako hakukuwa na mtu."

Bwire akavua shati amwonyeshe. Mgongoni palikuwa na alama za viganja viwili vya tope, na tope lilikuwa bado linachuruzika.

Leonida alipoambiwa, akafoka.

"Nilimwambia atoke kwenye mashine. Nani tena alimtuma arudi shimoni?"